Nyumba ya Moto Mmoja

Siku mama yangu alipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba niliyopanga chumba Kariakoo, aliniuliza ngazi iko wapi. Alikuwa amesimama ukumbini na buibui lake, sanduku miguuni. Akatazama milango mitatu ya upande huu na mitatu ya upande ule, kisha akainua macho kwenye makuti ya paa. Nikamwambia nyumba hii haina ngazi, yote iko chini. Akauliza, yote? Nikamjibu, yote. Akaketi juu ya sanduku, akavua viatu, akasema basi itabidi tuzoee kulala barabarani.

Alisema kwa mzaha, nami nikacheka. Lakini ni kweli kwamba mama hakuwa amepata kuishi chini. Kwetu Unguja tulikaa orofa ya juu ya nyumba ya mawe, mjini, na tangu alipoolewa aliujua mtaa wetu kwa kuutazama kutoka dirishani. Mchuuzi wa mboga alipopita, mama aliteremsha kikapu kwa kamba, mchuuzi akatia mchicha, mama akavuta. Wapita njia aliwajua kwa kofia zao. Aliweza kukwambia nani anakuja kwa kuona utosi tu, na nadhani lau wangesimamishwa mbele yake uso kwa uso asingemtambua hata mmoja.

Unguja siku zile ilikuwa nchi nyingine, si Tanganyika. Ilikuwa na Sultani wake na bendera yake nyekundu, na huku kulikuwa na gavana na bendera ya Mwingereza. Bahari iliyopo kati ni ya kuvuka kwa saa chache, ila aliyeivuka aliitwa mgeni akifika, na akirudi aliulizwa amekuwa Mmrima, mtu wa pwani ya bara, tangu lini.

Mimi nilitangulia. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, jambo ambalo nililibeba kila nilikokwenda kama mtu aliyebeba kikapu cha mayai, nikiwaomba watu kimoyomoyo wasinigonge. Nikapata ukarani katika ofisi moja karibu na Posta. Wenzangu wakitoka kazini walipitia Mnazi Mmoja kutazama mpira, au walikwenda kwenye dansi na kola zao ngumu. Mimi nilikwenda kitandani na gazeti. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwetu waliposimulia kwamba nimehama nchi walinisifu kwa ushujaa, na ukweli ni kwamba sikuhama popote, nilihamisha kitanda.

Baba alipofariki, mama akabaki peke yake orofani. Nikamwandikia barua kwa herufi za Kiarabu, maana zile zangu za shule hakuzisoma, nikamwambia aje, nina nyumba nzuri mjini. Niliandika nyumba. Nilikuwa na chumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na boriti, vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma ukitoka unaingia uani, ambako ndiko watu walikoishi hasa. Huko kulikuwa na kisima, choo, na kibanda cha kupikia ambamo kila chumba kilikuwa na mafiga yake. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kizaramo, mjane, rika moja na mama, mpana, mwenye sauti ambayo ukimsikia akimwita kuku ungedhani anaita jeshi. Sote tulimwita Mama. Katika chumba kilichopakana na changu alikaa mwanamke mpika vitumbua pamoja na mumewe, aliyenunua samaki Feri asubuhi na kuwatembeza mitaani. Mwanamke yule alikuwa na ulimi. Mimi alinianza tangu wiki ya kwanza: karani mbona mchana huu umelala, karani kitanda kitakuzaa. Nilizoea. Nikimjibu, nilimjibu kupitia ukuta, ili nisipate taabu ya kuinuka.

Katika miaka miwili ya kukaa mle peke yangu sikuwahi kujua habari za moto. Chai yangu nilikunywa mgahawani, chakula changu nilinunua. Nilichokijua ni kelele: kwamba kila alfajiri, kabla sijataka kuamka, uani kunakuwa na mazungumzo na vicheko, na kwamba ni Mama mwenye nyumba na wapangaji wake. Sikujiuliza wanafanya nini.

Walikuwa wanapalia moto. Mama mwenye nyumba hakuuzima moto wake. Usiku aliufunika kwa jivu, alfajiri akaufukua, na wanawake wa vyumba vingine wakaja na vigae vyao kuchukua makaa, kila mmoja apeleke mafigani kwake. Nyumba nzima ilipika kwa moto ulioanza katika jiko moja. Tena hukuchukua kaa ukaondoka. Ulichutama. Mama mwenye nyumba alilishika kaa kwa koleo, akalining'iniza hewani, akakuuliza umeamkaje. Ukisema salama, kaa halikushuka. Alikutazama usoni kwa mwanga wa ule moto, akakuuliza tena, mpaka useme mgongo unauma, au mtoto hakulala, au umegombana na mumeo. Hapo ndipo alipolitua kwenye kigae chako. Na jua likifika kwenye ukuta wa choo bila mtu wa chumba fulani kutokea, alikwenda mwenyewe kugonga mlango.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati wa kuyajua nilikuwa nayajua mambo mengine.

Nilichokijua mimi ni mila ya kwetu. Kwa bibi yangu mzaa baba, moto wa nyumba haukutoka mlangoni. Jirani aliyezimikiwa alikwenda nyumba nyingine, maana ilijulikana kwamba sisi hatutoi. Bibi aliamini kwamba moto ukitoka, baraka ya nyumba inaufuata nyuma. Na kama haukutoka, haukuingia pia. Kwenda kuomba moto kwa watu, kwetu, kulikuwa karibu sawa na kwenda kuomba nguo ya kujisitiri. Mama aliolewa katika mila hiyo akaishika miaka yote, kwa uaminifu, kama alivyokishika kile kikapu chake cha kamba.

Siku ya nne ya mama hapo Kariakoo, alfajiri, mlango wetu uligongwa. Nilifungua nusu. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na kigae chenye makaa mekundu, amekitandikia kitambaa chini asiungue. Alisema amemletea mgeni moto, amemwacha siku tatu apumzike na safari, sasa leo ni mwenyeji.

Nilimjibu kwa adabu kubwa. Adabu sikukosa. Nilimwambia ahsante sana, Mama, kibiriti tunacho.

 Alitazama makaa yake, akatazama kile kipande cha uso wangu kilichoonekana mlangoni, akageuka. Mama yangu, aliyekuwa bado ameketi juu ya mswala, aliniuliza kulikuwa na nini. Nikamweleza, nikitarajia kusifiwa. Akauliza, "Umemrudisha na moto mkononi?"

Nikasema si ndiyo mila yetu. Akasema ndiyo. Akakunja mswala polepole kuliko kawaida yake.

Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kuona mageuzi. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta mama ana habari. Aliniambia mke wa mchuuzi wa samaki ana mimba na hataki ijulikane. Aliniambia Mshihiri, yule Mwarabu mwenye duka la kona, anampunja kila mtu isipokuwa Mama mwenye nyumba, kwa kuwa anamwogopa. Alijifunza kupika mlenda. Jioni moja aliniita kwa jina la utani ambalo nililitambua mara moja kuwa limetoka upande wa pili wa ukuta: aliniita Bwana Kibiriti, kisha akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga kama msichana. Mimi niliyekaa mtaa ule miaka miwili sikuwa najua habari hata moja kati ya zile. Nikajiuliza mwanamke aliyejua watu kwa utosi tu amezipata wapi.

Nilipata jibu siku niliyosahau mwavuli. Mwenye kunijua angesema niliusahau makusudi, na mimi sitabishana naye, kwa sababu sikuwahi kuona sababu ya kurudi nyumbani iliyokuwa ndogo mno kwangu. Nilifika kona ya sokoni, nikatazama mawingu, nikageuka. Chumbani mama hakuwapo. Nikasikia kicheko uani.

Nilisimama mlangoni pa uani wasinione. Mama alikuwa amechutama mbele ya jiko la mwenye nyumba, kanga imemshuka mabegani, kigae mkononi, wanawake wanne wamemzunguka. Alikuwa anawaeleza habari ya kikapu cha kamba: jinsi siku moja mchuuzi alivyotia pweza aliye hai, akapanda kamba mwenyewe kabla hajavutwa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameliinua kaa hewani na hakuweza kulitua kwa kucheka. Na mama yangu alicheka pia. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu baba alipokuwa hai, na hata wakati ule kilikuwa cha nadra, kwa sababu orofani hakukuwa na wa kucheka naye.

Mtu mwenye akili angechukua mwavuli wake akaenda kazini. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilikohoa. Wanawake wakanyamaza, mama akainuka, akalipokea lile kaa kwenye kigae akapita mbele yangu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Jioni nilimkalisha. Naona haya kuandika kwamba nilimkalisha, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikamwuliza bibi angesemaje.

"Bibi yako alikuwa na orofa tatu za kuwekea moto wake," alisema mama. "Mimi nina chumba."

Nikamwambia ndiyo hasa maana. Tukikaa chumba kimoja katika nchi ya watu, kitu gani kimetubakia isipokuwa desturi zetu? Nilisema vizuri sana. Nilisema juu ya heshima, na juu ya watu watakaosema karani fulani mamake anaomba moto. Nikamwambia nitamnunulia seredani, lile jiko la chuma la mkaa, apike humuhumu chumbani penye dirisha kama kwetu, asipate taabu ya kuchutama katika jivu la watu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kibiriti hakitaniuliza nimeamkaje, baba."

"Nitakuuliza mimi," nikamwambia.

Akakubali. Alikuwa mjane, na mimi ndiye mwanamume wa nyumba, na hilo nalo lilikuwa mila yetu, kubwa kuliko ya moto.

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini nilifanya vile, na nimekwisha kuyachoka majibu ya heshima. Nadhani nilitaka kufungua mlango wa chumba changu jioni nikute Unguja. Nilitaka mama aketi mle kama nilivyomwacha, na harufu ya udi na sauti yake ya chini chini. Mimi mwoga wa kutoka nje nilijipatia nchi nzima ndani ya chumba, na mtu wa kuilinda nikamfungia humo.

Seredani nikainunua. Vibiriti nikavinunua kwa Mshihiri pakiti nzima, nikavipanga katika shubaka la ukuta, mama akavitazama. Nikamwambia Mama mwenye nyumba, kwa adabu ileile, kwamba mama yangu si mzima sana wa miguu, anahitaji kupumzika, tusisumbuliwe asubuhi. Alinijibu, haya mwanangu.

Hawakumsusa, sitaki kuwasingizia. Walimsalimu akienda kisimani, naye aliwajibu. Sikukuu walimletea sahani, naye aliirudisha na kitu ndani. Lakini mtu asiyechutama kwenye jiko lile alikuwa mgeni, na mgeni huambiwa mazuri tu. Habari zikakatika. Nikirudi jioni nilimwuliza mama kuna jipya gani, akasema hakuna, labda ofisini kwako. Mwanamke wa vitumbua bado alinitania kupitia ukuta, ila sasa alisubiri mama awe ametoka. Na mama akaanza kuketi dirishani. Dirisha letu lilitazama njia, nalo lilikuwa chini, usawa wa kiuno cha mtu, na mara nyingi nilimwona akipanua shingo kidogo kama anayetafuta pa kutazamia utosi wa wapitao.

Kila asubuhi nilimwuliza ameamkaje. Ahadi niliitimiza. Nilimwuliza nikifunga viatu, nilimwuliza nikitafuta kofia. Aliniambia salama, nami nikaenda zangu.

Ilikuwa katika masika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na mwavuli, uliokuwa tayari umefunguliwa. Nikamwuliza ameamkaje. Alikuwa bado kitandani, jambo lisilokuwa la kawaida yake. Alisema kichwa kizito kidogo, na mkono huu una ganzi, hata hajui umelaliwa vipi. Nikasema ni baridi ya mvua hii. Nikasema apumzike, asihangaike na chai. Niliurudisha mlango vizuri, usipige.

Nilirudi baada ya alasiri. Mlango ulikuwa vilevile nilivyouacha. Mama alikuwa chini, kati ya kitanda na seredani, amelalia ubavu, kanga imelowa. Njiti za kibiriti zilikuwa zimetawanyika sakafuni, nyingi zimevunjika vichwa, na kisanduku chenyewe kilikuwa bado ndani ya kiganja cha kushoto. Mkono wa kulia haukuwa wake tena, wala mdomo. Macho yalikuwa yake. Yalinitazama kwa namna ambayo sijapata kuieleza kwa mtu, si kwa lawama. Alinitazama kama mwenyeji anayemwona mgeni amekuja na hana cha kumkaribishia.

Nilipiga kelele. Mimi niliyejibu watu kupitia ukuta nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na uani kote wakaja. Mama mwenye nyumba alinisukuma kando, akamwinua mama yangu peke yake kama anayeinua mtoto, akamlaza, akamfuta, akamvika kanga kavu. Akatuma aitwe dresa wa hospitali, aliyekuwa mwana wa ndugu yake. Dresa alikuja na mfuko wake, akamshika mama huku na huku, akaniita ukumbini. Aliniambia ni kiharusi, na kwamba kikija kwa nguvu ile ni shida kukizuia. Akaniambia nisijisumbue, hata tungalimwona mapema huenda isingalikuwa tofauti.

Alinihurumia, nami nilimshukuru. Lakini sikuwa nikiuliza juu ya uhai. Nilikuwa nauliza juu ya zile saa. Hatua kumi kutoka kwake walikuwapo wanawake wanne wakichambua mchele, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka alasiri.

Mama aliishi siku tano. Sikwenda kazini. Asubuhi ya kwanza mlango uligongwa, na nilipofungua, nilifungua wote. Mama mwenye nyumba aliingia na kigae. Alichutama penye seredani yetu, akatia makaa, akapuliza, na moto uliposhika akasogea mpaka kitandani na koleo lake, kaa moja limening'inia. Akamwuliza, "Umeamkaje, shoga?"

Mama hakuweza kusema. Mdomo ulijaribu upande mmoja. Mama mwenye nyumba akasubiri. Alimtazama usoni kwa muda mrefu sana, kwa mwanga wa kile kipande cha moto, mpaka akaona alichokuwa anakitafuta, akasema, ehe, nimesikia. Ndipo akalirudisha kaa jikoni. Akaniambia mimi nimgeuze mgonjwa, ule ubavu unamuuma. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake usiku kucha.

Alifanya hivyo asubuhi zote tano. Mwanamke wa vitumbua naye alikuja, akakaa miguuni pa mama akimsimulia mambo ya mtaa, yote yaliyokuwa yamepita tangu kicheko kile cha pweza, kwa mpango, kama anayemrudishia amana yake. Mama alisikiliza. Mara moja upande ule mzima wa uso wake ulicheka.

Alifariki asubuhi ya siku ya tano, moto umekwisha kuwashwa, chai iko juu yake.

Walimwosha wao, akazikwa alasiri ileile. Siku tatu chumba chetu hakikuwashwa moto, kama ilivyo desturi ya msiba kwetu na kwao. Katika hilo hatukutofautiana. Chakula kilitoka mafiga yote mengine. Wenzangu wa ofisini walikuja na kola zao, wakaketi barazani, wakasema maneno mazuri. Siku ya tatu, watu walipokwisha kuondoka, Mama mwenye nyumba alikaa nami ukumbini. Nilidhani anataka kunifariji. Alisema ana neno, na asiponiambia litamkaa.

"Tulisikia mshindo," alisema. "Siku ile, baada ya wewe kuondoka tu. Nikainuka, nimefika mpaka mlangoni kwenu, mkono nimeuinua. Nikakumbuka umesema msisumbuliwe. Nikasema moyoni, labda ni sufuria."

Alilia. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke yule alikuwa na machozi. Nilitaka kumwambia kosa si lake, lakini hilo alilijua, nami nililijua, na aliyekuwa na kosa alikuwa ameketi pale pale akiwa na elimu yake ya sekondari. Nikamshika miguu. Akanipiga begani, akaniambia inuka, utaumwa mgongo.

Asubuhi ya nne niliamka kabla ya kelele. Chumba kilikuwa baridi. Seredani ilikuwa na jivu la siku ile, na shubakani vibiriti vilikuwa vimepangwa kama nilivyovipanga, pakiti karibu nzima. Nikatafuta kigae cha mama. Nilikikuta nyuma ya sanduku lake, kimefungwa katika kitambaa safi, kama mtu anavyoweka kitu anachotumaini kukirudia.

Nikatoka nacho uani. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa, na waliponiona wakanyamaza. Mwanamume haendi kupalia moto, si huku wala kwetu, na mimi nilikuwa na kanzu ya kulalia na nywele zimesimama. Wakanipisha. Nikachutama. Magoti yalilia kwa sauti, nikasikia mmoja akibana kicheko.

Mama mwenye nyumba alichagua kaa, akaliinua kwa koleo, akaliacha hewani.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Nikasema salama.

Kaa halikushuka. Alinitazama. Nilikuwa nimeiuliza habari hiyo asubuhi nyingi, nikifunga viatu, na sikuwa nimejua kwamba jibu linahitaji muda kiasi hicho kulingojea. Nikafungua mdomo niseme tena salama, nikashindwa. Nikamwambia sikulala, Mama. Nikamwambia mvua ikipiga dirishani nasikia njiti.

"Ehe," akasema. "Sasa umenijibu." Akalitua.

Sikujua kukishika kigae. Nilikiinamisha, kaa likateleza likanipata kidole, nikaruka. Mwanamke wa vitumbua akasema moto haushikwi kama kalamu, karani, nao wakacheka wote, na mimi nikacheka pamoja nao huku nalia, kidole mdomoni.

Nilikaa nyumba ile miaka mingine mitano, mpaka nilipooa nikahama. Kila alfajiri nilikwenda na kigae changu. Niliungua mara nyingi. Na jua lilipofika kwenye ukuta wa choo nami sijatokea, mlango uligongwa, mapigo mawili makavu, na sauti ile inaniuliza kama nimekufa humo ndani. Wapangaji wageni walidhani mimi ni mvivu tu wa kuamka. Wala hawakukosea sana. Ila asubuhi nyingi nilikuwa macho zamani, nimelala kimya chini ya shuka, nikitazama mwanga unavyopanda ukutani, nikingoja nigongewe.